Kiti cha Mtani

Kwa muda wa miezi saba, rejeta ya lori la Ahmadi bin Alawi ilichemka mahali pamoja tu: chini ya mlima wa Ipogolo. Lori lilitoka Mbeya likiwa zima, likapita Igawa na Makambako, likapanda na kushuka vilima vyote vya Mufindi, likaiacha Nyololo nyuma bila kukohoa. Lakini lilipofika Ipogolo, pale barabara inapouacha mto na kuanza kupanda kwenda Iringa mjini, dereva wake, Silvester Kalinga, aliliegesha kando, akafungua boneti, akainama juu ya injini kama mtu anayechungulia kisima. Kisha alimtuma mtu amwite Liberatus, dereva mwenziwe aliyekaa palepale, amsaidie kulifikisha gari juu. Yeye mwenyewe alifuata kwa miguu baada ya saa nzima, akisema alikuwa na jamaa wa kumwamkia.

Rejeta ilikuwa baridi. Aliinama juu yake ili watu wasiuone uso wake, kwa sababu wakati huo jasho lilikuwa likimtiririka, moyo ukimpiga hadi masikioni, na vidole vimekufa ganzi hata asiweze kushika usukani.

"Bwana Silvester," alisema Ahmadi siku moja barazani kwake Mbeya, huku akijipepea kwa kofia yake, "mimi si fundi, lakini niambie. Ni rejeta gani hii inayoijua Ipogolo kwa jina?"

Wapakizi walicheka. Silvester naye alicheka, akahisi uso unamwaka.

"Ni ule mwinuko, bwana."

"Mwinuko wa Chunya ni mrefu mara kumi, na huko haichemki. Haya. Baada ya wiki tatu nampelekea binti yangu Siwema mchele wa arusi yake Iringa. Nitapanda nawe mimi mwenyewe, tukae wawili mbele, niione kwa macho yangu."

Katika miaka ile, mwaka wa hamsini na nne au wa hamsini na tano, dereva alikuwa mtu. Watoto walilijua gari lake kwa mlio, na wazee walimwachia kigoda. Silvester alikuwa katika mwaka wake wa tisa bila doa, na sasa alikuwa na wiki tatu. Mbele ya tajiri wake, mikono yake ingemtetemeka kama ya mlevi, na habari ingefika Mbeya kabla yake. Na hiyo ilikuwa aibu ndogo. Aibu kubwa ilikuwa chini yake, haijulikani kwa mtu.

Mvua zilipoanza, mwishoni mwa mwaka uliotangulia, mguu wa mama mkwe wake ulivimba, na watu wa Nyololo, kijiji cha mkewe, walimsihi Silvester ampeleke hospitali Iringa. Kwa desturi ya Wahehe, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni; jina lake halimtoki mdomoni. Lakini nyuma ya lori mlikuwa na mbao na mvua, na mbele hakuna vyumba viwili. Basi pakawekwa kapu la maharage katikati yao, mama akageuzia uso dirishani, wakaenda maili sabini na kitu bila neno.

Walipofika katikati ya mlima wa Ipogolo, magurudumu yaliteleza katika tope, gia ikachomoka, lori likaanza kurudi nyuma. Silvester alikanyaga breki, na lori likaendelea kurudi. Akafungua mlango, akaruka.

Lori lilirudi kidogo tu, likaegemea ukingo wa udongo, likatulia. Vibarua wa barabara walikuja mbio. Walipofungua mlango wa pili, walimkuta mama amekaa wima, mikono mapajani. Wakauliza dereva yuko wapi. Alikuwa amesimama mtaroni, tope magotini. Ndipo yule mama, ambaye hakuwa ametamka neno tangu Nyololo, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mkwe wangu aliruka ili aweke jiwe nyuma ya gurudumu."

Na kweli, nyuma ya gurudumu palikuwa na jiwe. Mungu ndiye aliyejua lilifikaje pale. Vibarua walimpigia Silvester makofi. Aliporudi Nyololo alikuta habari imemtangulia: shemeji zake walimchinjia jogoo, wazee wakamshika mkono kwa mikono miwili, na mkewe, Esta, aliyekuwa kwao siku hizo, akatembea kijijini kifua mbele. Kila sifa ilimwingia kama fimbo. Hakuweza kuikubali, na hakuweza kuikataa bila kumfanya mama mkwe kuwa mwongo mbele ya watu.

Tangu hapo mlima ule ulimkataa.

Si kwamba hakutafuta msaada. Kwanza alikwenda kuungama. Alichagua misheni ya mbali na kwake, akapiga magoti, akasema kwamba aliruka kutoka garini.

"Kuna aliyekufa?" aliuliza padre.

"Hapana, padre."

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana, padre. Lakini..."

"Basi umshukuru Mungu, mwanangu." Akampa sala za kitubio. Silvester alizisali mara mbili, kwa uangalifu, na wiki iliyofuata rejeta ilichemka kama kawaida. Ile *lakini* yake ilikuwa imebaki kooni. Padre alikuwa mtu mkubwa na mwema, na nyuma ya Silvester palikuwa na safu ya watu wakingoja. Angeanzaje kumweleza habari za kapu la maharage?

Baadaye alikwenda hospitali. Daktari alikuwa Mzungu, naye aliuliza maswali kwa upole, lakini maswali yalipita kwa mkalimani. Silvester alipoinua macho, alimkuta mkalimani ni Kasian, kijana wa Nyololo, mtoto wa ndugu yake mama mkwe.

"Kamwene, shemeji," alimwamkia Kasian kwa Kihehe, kwa furaha. "Daktari anauliza, unaumwa nini? Huyu ndiye niliyekuambia habari zake, daktari, yule wa jiwe."

Daktari akainamisha kichwa kwa heshima. Silvester akatazama sakafu.

"Tumbo," akasema. "Limefunga."

Alipewa haluli ya kuendesha tumbo, na siku mbili zilizofuata alizitumia nyuma ya nyumba. Alistahili hivyo, alijiambia.

Ahmadi alipomwekea zile wiki tatu, Silvester alifanya jambo alilolionea haya kuliko yote. Alipopeleka chumvi Chunya, aliuliza nyumba ya mganga mmoja aliyesifiwa na wachimba dhahabu. Mganga alimtazama viganja, akamwaga mbegu zake juu ya ngozi, kisha akauliza:

"Upande wa mkeo kuna mwanamke mtu mzima?"

"Yupo."

"Alipata kupanda gari lako?"

Silvester alitazama ngozi, na mganga akapata jibu lake. "Basi ndiye. Amekufunga njia. Nitakupa kitu ukitupe mlangoni kwake."

Na Silvester alikichukua. Hilo ndilo lililomlaza macho. Alisafiri na kile kifurushi chini ya kiti, na kwa muda wa safari nzima, tangu Chunya hadi Mbeya, alikubali moyoni kwamba mama yule ni mchawi, akaona raha. Alikumbuka kila alichomchukia, na alipokosa cha kuchukia alitunga. Ni pale alipoziona nyumba za mji ndipo alipotambua alikuwa akifanya nini. Alimwacha mama garini mara ya kwanza kwa miguu, na sasa alikuwa akimwacha tena kwa moyo. Akakitupa kifurushi korongoni.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama kawaida. Lakini Esta aliona kwamba kila jioni mumewe hukaa uani na kamba ya kufungia mizigo aliyoitoa garini, anaikunja na kuikunjua, wala haangalii anachokifanya.

"Baba wa watoto, hiyo kamba ina nini?"

"Imelegea."

"Kamba haikazwi kwa kuangaliwa," alisema Esta. Usiku ule hakuzima taa.

Ijumaa ya wiki ile Silvester alikwenda kunyoa. Ilimpasa kuonekana safi mbele ya tajiri, na kinyozi wake wa siku zote alikuwa Mwislamu, ameondoka kwenda msikitini. Maduka yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa. Aliyebaki kazini ni mmoja tu, naye ni yule ambaye Silvester alikuwa amemkwepa miaka yote: mzee Jailos, Mngoni, mwenye kiti chake barazani karibu na soko.

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali zamani za babu zao, na vita vilipokwisha wakawa watani. Mtani atakutukana hadharani, nawe huruhusiwi kukasirika. Huchukua kitu chako mbele ya macho yako, na huna pa kushtaki. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha matangani na kushika jembe kaburini. Jailos alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na sauti yake ilifika sokoni bila kutumwa. Kwa mtu mwenye siri, ilikuwa afadhali kunyolewa na chui.

"Lo, leo kuna mawindo," alisema Jailos. "Mhehe amejileta. Kaa, mtumwa wangu. Babu yako alimkimbia babu yangu hata akasahau kichwa. Wewe kwa bahati umekuja nacho."

"Ninyoe, mzee. Nina haraka."

"Haraka ya kukimbia, hiyo mmerithi."

Kiti kilielekea ukutani. Kioo hakikuwapo, Jailos alisema alikiondoa kwa huruma, kwa kuwa Wahehe walijiona wakalia. Silvester akainamisha kichwa. Alisikia wembe ukipita juu ya ngozi, na vidole vya mzee vikikigeuza kichwa chake huku na huku kama kibuyu. Hakuona uso wa mtu, na hakuna mtu aliyeuona wake.

"Unatetemeka," alisema Jailos.

"Ni baridi."

"Ni jua la saa saba." Wembe uliendelea. "Una aibu ya nini? Usiniambie. Ninyi Wahehe mkiaibika kidogo tu, mbio kutafuta mti na kamba. Wewe umeshaipata, au nikuazime?"

Ulikuwa utani wa siku zote, ambao Mngoni humtupia Mhehe hata kwenye arusi, na jibu lake hujulikana: unamtukana babu yake, mnacheka. Silvester alifungua kinywa ili ajibu hivyo.

"Ninayo," akasema.

Wembe ulisimama. Kisha Jailos aliufuta wembe kwa kitambaa, akaukunja, akauweka juu ya sanduku. Hakuja mbele. Alibaki palepale nyuma ya kiti, mkono mmoja juu ya kichwa kilichonyolewa nusu.

"Iko wapi?"

"Garini."

"Kamba hiyo ni yangu," alisema Jailos. Hakupandisha sauti. "Mimi ni mtani wako, na nimeipenda. Nikimaliza kazi hapa nitakwenda kuichukua, na Ahmadi akiuliza mwambie Mngoni kaiba. Sasa sema. Nyuma yako hapana padre, hapana daktari. Kuna Mngoni mjinga tu."

Na Silvester akasema. Alianza na rejeta, akarudi kwenye kapu la maharage, akapotea, akaanza tena. Alipofika mahali pa kuruka, Jailos alitoa mcheko mrefu uliokwaruza.

"Ukamwacha mkweo kwenye kiti," alisema. "Mama wa watu, na mguu wake."

"Nikamwacha."

"Mhehe kamili. Endelea."

Ni ajabu kwamba mcheko ule haukumuumiza. Kwa miezi saba alikuwa ameogopa kwamba mtu akiisikia habari ile dunia itasimama. Na huyu amesikia, amecheka, na mkono wake bado uko kichwani. Wale wengine alikuwa amewachagua kwa sababu aliwaheshimu, na mbele ya kila mmoja wao alikuwa amejipanga upya, akaficha sehemu iliyooza. Mbele ya mtani hakuwa na heshima ya kulinda. Utani ulikuwa umekwisha kuichukua tangu kabla hajazaliwa.

Watu walipoanza kutoka msikitini, Jailos alimalizia kichwa upesi. "Kesho uje," alisema. "Nywele zitakuwa zimeota."

"Kesho?"

"Nywele za Mhehe huota kama magugu. Njoo."

Jioni ile mzee alikwenda uani kwa Ahmadi, akaifungua kamba mbele ya wapakizi, akaitupa begani, akaondoka nayo akiimba. Ahmadi alitoka akilalamika. Walipomweleza kwamba mwizi ni mtani wa dereva, aliinua mikono, akarudi ndani. Kwa kosa hilo hapakuwa na mahakama. Esta, aliposikia, aliketi chini jikoni akajifunika uso kwa kanga, kisha akainuka akapika.

Silvester alikwenda kesho yake, na siku zote asizosafiri. Alikaa katika kiti, Jailos akapitisha wembe usiokata kitu. Siku nyingine mzee alimtukana tu, wasizungumze jambo. Siku nyingine alimwambia arudie, na aliposikia neno jipya alilishika.

"Juzi ulisema lori lilirudi hadi mtoni. Leo limerudi hatua kumi. Lipi?"

Silvester alifikiri. "Kumi. Labda kumi na mbili."

"Na mlango ulipoufungua, ulijua mama yumo?"

Hili hakuwa ameulizwa na mtu, wala hakuwa amejiuliza. Mteja mwingine alikuja, akanyolewa benchini, akaenda zake.

"Nimejiambia kwamba nilisahau," alisema mwishowe. "Sijui, mzee. Nadhani nilijua."

Jailos hakucheka. Hakusema pia kwamba si kitu. Alikipiga kichwa kile kofi jepesi. "Basi hilo ndilo," alisema. "Lilikuwa limekaa kama mwiba. Litauma sasa, maana limeanza kutoka."

Na liliuma. Silvester alitembea nalo wiki nzima; alipokula lilikuwapo, alipoamkiwa lilikuwapo. Lakini sasa alijua umbo lake.

Siku ya mchele wa arusi ilifika. Ahmadi alikaa mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi, akazungumza njia nzima juu ya mahari na wapishi. Walipofika Ipogolo, Silvester aliliegesha lori. Wauza ndizi wakakaribia. Hakufungua boneti.

"Imechemka?" aliuliza Ahmadi.

"Haikuchemka, bwana. Haijapata kuchemka. Ninaogopa mlima huu." Alisema haya akiutazama. "Mwaka jana gari liliporudi nyuma, sikuruka ili niweke jiwe. Niliruka nipone, nikamwacha mama mkwe wangu ndani."

Mama mmoja muuza ndizi alisimama, kichane mkononi. Ahmadi alimtazama dereva wake, akatazama mlima, akatazama tena dereva. Kisha akafungua mlango wake taratibu, akashuka.

"Mimi nitapanda kwa miguu," alisema. "Usikasirike, Bwana Silvester. Nina binti wa kumwoza."

Wauza ndizi waliangua kicheko, na kicheko kikapita kibanda kwa kibanda. Silvester alikuwa ameota siku hii mara nyingi, na katika ndoto zote alikufa. Sasa masikio yalimwaka, macho yakamchoma, naye alikuwa hai, mikono usukanini. Akatia gia ya kwanza.

Alifika kwenye kona. Pale vidole vilikufa ganzi, na jasho likamfumba macho. Alivuta breki ya mkono, akakaa akihema hadi aliposikia viatu vya Ahmadi kando ya mlango.

"Nimefika hapa," alisema Silvester.

"Naona."

"Siwezi zaidi leo."

Liberatus aliitwa, akapanda, akalifikisha lori mjini. Silvester na tajiri wake walifuata nyuma kwa miguu, katika vumbi la gari lao wenyewe, na watu wa Iringa waliojua gari ni la nani walisimama milangoni kuwatazama. Alitembea macho chini. Alitamani njia iwe fupi, nayo haikuwa fupi.

"Kwa sasa utachukua njia ya Chunya," alisema Ahmadi walipopumzika. "Ya huku nitampa mwingine, mpaka utakaponiambia. Na lile la mkweo, sikulisikia."

"Wamelisikia wauza ndizi, bwana."

"Basi Nyololo limefika kabla ya adhuhuri," alisema Ahmadi kwa huzuni.

Jumatatu Silvester alikuwa barazani kwa Jailos. Hakungoja saa ya msikiti. Ilikuwa asubuhi, soko limejaa, na benchini palikuwa na wateja wanne. Wawili walikuwa wameshasikia. Mmoja alikohoa kikohozi kile cha mtu anayezuia kicheko.

"Kichwa hiki kina nini cha kunyoa?" aliuliza Jailos kwa sauti yake ya sokoni. "Tazameni, kinang'aa kama sufuria ya padre."

"Ninyoe hivyohivyo, mzee."

Silvester aliketi, akaelekea ukutani. Alihisi macho manne, manane, juu ya shingo yake, na aibu ikampanda tangu miguuni. Hakuinuka. Jailos alifungua wembe.

"Ukitaka, nitakwenda Nyololo," alisema mzee, chini sasa. "Nitamtukana mama yule kwa niaba yako, acheke, kisha nimpe maneno yako. Ndiyo kazi yangu."

"Utakwenda. Lakini maneno yenyewe sijayapata."

"Huyajui?"

"Kila nikiyatafuta naona aibu."

"Basi tuanzie kwenye aibu," alisema Jailos, akakiinamisha kile kichwa mbele kidogo. "Ilianzia wapi leo?"

Mtu mmoja benchini alisogea ili asikie. Silvester alimwona kwa pembe ya jicho. Akaanza kusema.